Apolo ya Sabuni na Kofia ya Da Rukia

Nimekosa. Nalisema hilo mapema, maana najijua. Nikianza na mzaha nitafika mwisho wa ukurasa bado nafanya mzaha, na kosa langu litakuwa limeshatoroka kwa mlango wa uani.

Jina silitaji. Wa mtaani kwetu watanijua wakifika mstari wa tatu, na hao nshawaomba radhi mmoja mmoja, wengine mara mbili. Nyinyi wengine nijueni hivi: mwanafunzi wa skuli, kidato cha pili, umri miaka kumi na sita, mdomo miaka arubaini.

Mnaikumbuka Apolo? Nani asiyeikumbuka! Yale maradhi ya macho mekundu yaliyoingia Unguja nyuma ya wale Wamarekani waliokwenda mwezini na chombo chao. Watu waliamka asubuhi kope zimegandana kama bahasha. Mama yangu akaliunganisha jambo mwenyewe. "Wamekwenda kuuchokoza mwezi," alisema, "na vumbi lake limetushukia sisi tusiokwenda."

Mtaa wetu uko Mji Mkongwe, kati ya vichochoro vyembamba hata wanene wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Basi Apolo ilipoingia haikuruka nyumba. Madirisha yalifungwa mchana kwa sababu mwanga ulichoma. Kinyozi wetu alimnyoa mtu sharubu upande mmoja akaapa kuwa zimelingana. Na mwenye sharubu naye, kwa kuwa alikuwa haoni, akamshukuru!

Mimi ilinipita. Kila asubuhi najitazama kwenye kioo, macho meupe kama yai la kuchemsha. Na mtihani wa hesabu unakuja Jumatatu! Mwalimu wetu wa hesabu, tuliyemwita Kipimo kwa jinsi alivyokuwa akikupima kwa jicho kabla ya kukupima kwa fimbo, alikuwa ametoa amri: mwenye macho mekundu asikanyage darasani siku kumi.

Siku kumi, jamani! Nani angestahamili?

Jumatatu alfajiri nikaingia chooni na kipande cha sabuni ya kufulia. Nikakisugua kwa kidole, nikasema bismillahi (chooni, tena kwa uongo, makosa mawili mkono mmoja), nikajitia macho yote mawili.

Mtume! Ule moto! Nlipiga ukelele wa kweli kabisa. Mama akaja mbio na mwiko mkononi.

"Yarabi, mwanangu! Imekufika na wewe!"

"Imenifika, mama."

"Inauma?"

"Inauma, mama." Na hapo sikusema uongo hata chembe.

Nkalazwa chumba cha nyuma. Kila alfajiri sabuni kidogo, mchana mzima usingizi. Nlidhani nimeupata ufalme. Kumbe sikuuhesabu mtaa.

Wa kwanza kuingia hesabuni alikuwa Bi Asha wa chini, aliyekuwa akinyonyesha mapacha. Watu wa kwetu wanasema hakuna dawa ya macho kama maziwa ya mama mzazi. Basi mama alikwenda kumwomba, akapanda nayo ngazi ndani ya kikombe cha kahawa, kafunika kwa kisahani kana kwamba ni zamzam.

"Mama, hebu tutumie dawa ya hospitali."

"Lala chali!"

Nikalala chali. Mapacha wa Bi Asha walikuwa wakilia kule chini, na mimi, dume zima lenye ndevu tano, natiliwa haki yao machoni. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Sikusema.

Kisha yakaja masahani. Mwaka ule mchele na unga watu walikuwa wanavipangia foleni, lakini hakuna aliyekuja mikono mitupu. Huyu vitumbua vitatu, huyu bakuli la uji wa pilipili manga, yule nusu mkate wa boflo na vipande vya papa. Mzee mmoja wa nyumba ya pili, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na Apolo na hanioni, aliletwa mpaka mlangoni kwangu kwa kushikwa mkono. Akanisomea dua. Akaipuliza ukutani, kwa kuwa hakujua kichwa changu kilipo, lakini aliisoma yote.

Nilizikwa kwa huruma, wallahi! Nikawa natafuna kitumbua kwa aibu, lakini natafuna.

Na ng'ambo ya kichochoro alikuwepo Da Rukia.

Nyumba yao na yetu zimekaribiana hata ukipiga chafya kwetu, kwao wanakujibu yarhamukallah. Da Rukia ni binti wa Bi Salma, umri wake kama miaka ishirini na moja, na tangu nilipokuwa mdogo yeye ndiye msikilizaji wangu wa kwanza. Kichekesho asichokicheka Da Rukia nilikuwa sikipeleki skuli. Alikuwa amechumbiwa na mwalimu anayesomesha Pemba, Mwalimu Salim, mtu mrefu, mpole, anayesema "kunradhi" hata kwa kuku. Nikaha ilipangwa Ijumaa ya mwisho ya Shaabani, kwa sababu baada yake Ramadhani inaingia na hakuna tena cha harusi.

Sasa sikilizeni habari ya kofia, maana bila ya hiyo hamtalijua kosa langu.

Kwa mtaa wetu, msichana akichumbiwa humshonea mumewe kofia ya viua kwa mkono wake. Kofia hiyo haina mchezo. Ina vipande viwili, cha duara cha juu na kile kirefu cha pembeni, na kila kipande kinajazwa vitundu vidogo kama punje za uwatu, kila kitundu kinazungushiwa uzi wa hariri. Miezi minne, mitano, mtu yumo tu anatoboa na kushona. Siku mbili kabla ya nikaha, wanawake wa upande wa bwana harusi wanakuja na sinia la asumini kuipokea, wanaipitisha mkono kwa mkono, wanaigeuza ndani nje kutafuta mafundo. Na wazee wana neno lao: aliyekuwa hajamaliza kofia hajamaliza kukubali. Ukitoa kofia pungufu umemkataa mtu mbele ya watu. Ukitoa ya kununua, afadhali hiyo pungufu.

Kwa hiyo Apolo ilipoingia, Bi Salma alimpandisha binti yake chumba cha juu kabisa akamfungia huko na kofia yake. Asishuke, asipandiwe na mtu. "Macho yako si yako sasa," alimwambia. "Ni ya Mwalimu Salim mpaka Ijumaa ya mwisho."

Mimi nlipotimiza siku zangu kumi nikaacha sabuni, nikatoka nje mzima. Na mtihani? Kipimo naye ilikuwa imemshika! Mtihani umeahirishwa, unanisubiri kama fisi. Nikaona huo ndio mshahara wangu na hesabu imekwisha.

Haikwisha, ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Kwani mtaa ulikuwa umejipangia utaratibu mzuri ambao mpaka leo nikiukumbuka nafurahi: waliopona ndio wanaowahudumia wanaoumwa. Ilikuwa inaaminika kuwa Apolo haimrudii mtu. Basi ukishapona, wewe ni wa mtaa mzima. Utachota maji mferejini, utapeleka sahani, utawashika wazee mkono kwenda msikitini, utawasomea watu barua zao. Mabwana wakubwa waliokuwa hawajui jiko lilipo walionekana wamebeba ndoo. Fundi viatu alikuwa akimwogesha jirani yake kila asubuhi na wanaimba wote wawili.

Na mimi, "aliyepona", nikaingizwa kwenye jeshi hilo. Nipende nisipende!

Nitasema kweli: nilipenda. Nlikuwa hodari! Barua za watu nlizisoma kwa sauti za wenyewe. Kulikuwa na mabwana wawili, mmoja muuza kahawa na mwengine karani, hawasemezani mwaka wa nne sijui kwa sababu gani. Wote macho yamefungwa vitambaa. Nikawakalisha baraza moja, nikamwambia kila mmoja kuwa aliye pembeni yake ni mgeni kutoka Kiembe Samaki. Nikakaa mbali kungojea kishindo.

Kishindo hakikuja. Walizungumza mpaka alasiri! Bei ya pweza, maradhi, watoto wasiosikia. Nilipokuja kumchukua muuza kahawa akaniinamia sikioni: "Mtoto, unadhani mimi siijui sauti ile? Kesho niweke pale pale. Na usimwambie kama najua." Nikamchukua karani. Naye akanishika mkono: "Usimwambie kama najua."

Ndivyo mtaa ulivyokuwa siku hizo. Watu hawaoni, lakini walikuwa wakitazamana kuliko zamani.

Sasa nafika pale ambapo mkono unakuwa mzito.

Jumapili moja, siku kumi na mbili kabla ya nikaha, nliamka jicho la kushoto linawasha. Nikajitazama. Kwenye pembe kulikuwa na wekundu kama uzi. Sikujitia sabuni, wala moshi, wala mchanga. Nlijua. Nisidanganye watu hapa: nlijua pale pale kuwa hii ndiyo yenyewe.

Lakini ningesemaje? Mtu haipati mara mbili! Nikisema ninayo, lazima niseme ile ya mwanzo ilikuwa nini. Nikaona Kipimo na fimbo. Nikaona mama. Nikakiona kikombe cha kahawa cha Bi Asha. Nikanyamaza, nikavuta kofia yangu mpaka nyusini.

Saa nne Bi Salma akaniita kutoka dirishani. "Baba, njoo! Wewe ulishapona, wewe ndiye wa kunisaidia. Rukia kaishiwa uzi. Nimeupata huu kwa taabu, nimeuomba mitaa yote ya Ng'ambo. Mpelekee juu, mimi natoka sokoni nisije nikampandishia maradhi."

Mikono yangu miwili ikaupokea ule uzi. Kwenye ngazi jicho likawasha. Nikalisugua kwa mkono ule ule wenye uzi.

Da Rukia alifurahi kuniona kama mfungwa aliyetembelewa. Kofia ilikuwa mapajani, vipande viwili, vyeupe, vizuri hata nikasahau kufanya mzaha. Zilikuwa zimebaki safu nne.

"Nne tu!" alisema. "Wiki moja. Mbona jicho lako hilo?"

"Vumbi la mwezi," nikasema.

Akacheka. Akauchukua uzi, akaulowesha ncha kwa ulimi, akautia kwenye sindano. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshona tangu alfajiri na macho yamechoka, akayafikicha kwa vidole vile vile.

Mimi nimesimama namtazama! Neno moja tu, "usijifikiche," lilikuwa mdomoni. Mdomo huu usiofungika tangu nizaliwe, siku ile ulifungika.

Kesho yake macho yangu yote mawili yalikuwa moto. Nikamwambia mama kuwa mjomba wa Kidichi anataka msaada wa kuvuna. Nikakimbia na basi la kwanza, kichwa chini, kanga ya mama nimejitanda kama bibi arusi. Mjomba aliponiona akasema, "Ahaa, mzigo wa Apolo umefika na shamba!" Hakuniuliza zaidi. Na siku ya tatu akaipata na yeye, lakini hayo tumeshayamaliza, alinitia kazi ya kuchambua karafuu mpaka vidole vikanuka wiki mbili.

Nilirudi mjini Jumanne, siku tatu kabla ya harusi, mzima, na mfuko wa machungwa. Naingia mtaani napiga mluzi.

Bi Salma alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini ya nyumba yake. Hakai pale yule. Yule ni mwanamke wa kupanda na kushuka siku nzima. Alikuwa amekaa, mikono ameikunjia kwapani kama mtu anayeiogopa.

"Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba, baba. Usinikaribie."

"Kuna nini?"

"Rukia imemshika. Leo siku ya nane. Safu tatu zimebaki na haoni hata sindano. Kesho wanakuja kuipokea kofia." Akaitazama mikono yake. "Ni mimi. Nlikwenda sokoni, nikarudi, nikampikia. Nani mwengine? Hakupanda mtu. Mimi mwenyewe, mama yake, nimempelekea kwa mikono yangu. Sasa hata kumtilia dawa naogopa. Anamtilia jirani, mimi nakaa hapa namsikiliza analia."

Hakupanda mtu! Aliyepona hahesabiwi kuwa ni mtu wa kuleta maradhi. Hata hakunikumbuka.

Machungwa yakaniponyoka. Yaliviringika kichochoro kizima na watoto wakayagombania. Nikenda nyumbani nikajilaza, na mama akanipapasa paji la uso: "Una nini, mbona hujasema upuuzi wowote tangu uingie?"

Jumatano baada ya adhuhuri wakaja. Wanawake sita wa upande wa Mwalimu Salim, na mbele yao shangazi yake, Bi Time. Bi Time ni mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kengele. Inasemwa aliwahi kuirudisha kofia kwa ajili ya fundo moja. Sinia la asumini lilikuwa limefunikwa kitambaa cha kijani. Wakakaa ukumbini kwa Bi Salma, na wanawake wa mtaa wakajaa, mama yangu na Bi Asha na mapacha wake wakiwamo. Mimi nikasimama mlangoni. Hapakuwa mahali pangu, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunifukuza.

Da Rukia aliteremshwa. Kitambaa cheupe machoni. Kofia ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Time. "Lete tuione."

Da Rukia hakuitoa. "Haijesha," alisema.

Pacha mmoja akajamba na hakuna aliyecheka, hata mimi.

"Haijesha," Bi Time alirudia polepole. "Na miezi yote hii ulikuwa unafanya nini, mwanangu? Au hujesha kukubali?"

"Nimekubali! Wallahi nimekubali. Macho..."

"Ni kosa langu," Bi Salma akadakia. "Mimi ndiye niliyempa maradhi. Nlikwenda sokoni..."

Hapo nikasema. Sijui nani aliyenisukuma. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya kifaranga.

"Si yeye. Ni mimi."

Vichwa vyote vikageuka.

"Wewe ulishapona," alisema Bi Salma.

"Sikupona. Sikuumwa." Nikayamwaga yote. Mtihani, sabuni, siku kumi, jicho la Jumapili ile, uzi, ngazi. Kidichi. "Nlijua kama ninayo. Nikampa uzi na nlijua. Bi Salma hana kosa hata la nukta."

Mama yangu akainuka. "Sabuni?"

"Sabuni, mama."

"Na yale maziwa niliyokuwa nikiyaomba kwa unyenyekevu, napanda na kushuka?"

Bi Asha akaruka na pacha begani. "Ala! Maziwa yangu! Wanangu walilala na njaa kwa ajili ya sabuni! Nirejeshee maziwa yangu, wewe afriti!"

"Nitayarejeshaje, Bi Asha?"

Mmoja wa wageni akakohoa kicheko ndani ya buibui. Lakini Bi Salma hakucheka. Alikuwa anaifungua mikono yake, anaitazama mbele na nyuma. Kisha akaenda akamshika binti yake usoni, kwa mikono yote miwili, kwa mara ya kwanza baada ya siku nane. Akamshika tu.

Da Rukia akauelekeza uso kule sauti yangu ilikotoka. "Nlikuuliza," alisema. "Nlikuuliza jicho lina nini, nawe ukanichekesha."

Hilo tu. Afadhali fimbo mia za Kipimo! Alikuwa amecheka kwa sababu aliniamini, na mimi nikakitumia kicheko chake kama pazia. Huo ndio ubaya wangu, wasomaji wenzangu. Sabuni ilikuwa utoto. Ule ulikuwa ubaya.

Tukamngoja Bi Time. Yeye ndiye aliyekuwa na neno. Aliizungusha pete yake. Halafu akasema, si kwa sauti ya kengele:

"Kofia ya marehemu mume wangu, safu tano alishona dada yangu. Mimi nlikuwa na homa. Hajui mtu. Yeye mwenyewe ameingia kaburini anadhani ni zangu zote."

"Bi Time!" wakasema wenzake.

"Nini, Bi Time? Wewe hapo, yako alikumalizia nani?"

Yule mwenzake akainama. "Robo... mama."

"Yangu mimi nusu," akasema Bi Asha, na hasira yote imemwisha. "Sindano ilikuwa inanichoma."

Mama yangu akaangalia dari. Nikamwuliza kwa macho. Akaninong'oneza, "Kipande chote cha juu. Na ukimwambia baba yako nitakutia sabuni mdomoni."

Jamani! Mmoja baada ya mmoja! Ukumbi mzima haukuwa na mwanamke aliyemaliza kofia yake peke yake. Kila mmoja alidhani mwizi ni yeye tu. Wakaanza kucheka, wakacheka mpaka buibui zikawateremka, na Da Rukia akiwa na kitambaa chake machoni anauliza, "Kweli? Kweli, Bi Time?"

"Niletee miwani yangu," alisema Bi Time. "Na sindano, Apolo sote tulishaugua. Rukia, mwanangu, wewe kaa hapa unishike goti, mkono wako uwe umo. Kipande hiki changu, kile wachukue wa huku. Tutapokezana. Ikifika magharibi tunaacha, kesho asubuhi tunarudi." Kisha akaninyooshea kidole. "Na wewe, unakwenda wapi?"

"Nnakwenda... nje."

"Kaa kitako. Umemchukulia macho siku nane. Lete yako."

Nilishona, wasomaji! Jumatano na Alhamisi, kati ya wanawake kumi na tano, miguu imekunjwa, ulimi nje. Nusu safu. Nlijichoma mara ishirini na tatu. Wenzangu wa skuli wakapanga foleni dirishani kunitazama, na siku ile ile nikapata jina, Sabuni, ambalo nadhani nitazikwa nalo. Kila kitundu changu kilikuwa na ukubwa wake, na safu ikapanda kama ngazi ya nyumba mbovu. Nikamwomba Bi Time aifumue.

"Siifumui," alisema. "Ivae aibu yako."

"Lakini anayevaa ni Mwalimu Salim!"

"Basi mwombe Mungu asijikune kichwa."

Ijumaa ikaja. Bwana harusi akatoka kwao na watu wake, kanzu nyeupe, joho, na kofia. Wallahi iling'ara. Ukiitazama mbele hungesema imepita mikono kumi na sita. Lakini kisogoni, upande wa kulia, nusu safu yangu ilikuwa imekaa kama meno ya bibi kizee. Nikajipachika nyuma ya Mwalimu Salim, karibu kabisa, ili watu wasiione. Akigeuka nageuka. Akisimama nagongana naye.

"Kunradhi," alisema mara ya tatu. "Kuna nini huko nyuma?"

Mdomo wangu ulikuwa na majibu sita ya kuchekesha. Niliyahesabu. Nikayaacha.

"Kuna nusu safu mbaya kwenye kofia yako, Mwalimu. Niliishona mimi. Mimi ndiye niliyempa Da Rukia Apolo, nlijua kama ninayo na sikusema."

Alisimama. Maandamano yote yakasimama, dufu zikanyamaza. Akaivua kofia mbele ya watu, akaigeuza, akapitisha kidole chake kwenye kila kitundu changu, mpaka mwisho.

"Wengine wote wameshona kama wanawake wa Unguja," alisema. "Wewe umeshona kama mwanafunzi wangu." Akaivaa tena, lakini aliigeuza. Nusu safu yangu akaiweka mbele, juu ya paji la uso, pale pale anapotazamwa mtu. "Twendeni," akasema, "nimecheleweshwa vya kutosha."

Nikabaki nimesimama katikati ya kichochoro, watu wananipita kushoto na kulia.

Nyinyi mnaosoma, wa rika langu hasa, mnaojua kufanya watu wacheke. Ukiumwa, sema unaumwa. Ukiwa huumwi, nenda kafanye mtihani wako. Na ikikuwasha pale ambapo umeshadanganya, hapo ndipo useme upesi zaidi, kabla hujamshika mtu mkono. Utaona haya, ndiyo. Utatukanwa na Bi Asha wako. Lakini usidhani watu wanangoja kukutupa nje. Wanaweza kukusogezea mkeka, wakakupa sindano, na usiku wa siku hiyo utalala vizuri kuliko mimi nlivyolala Kidichi.